Begi moja la mkononi mpaka Durban

Kisasa, Dodoma

Mama Furaha mpendwa,

Habari za Manyoni, na mzee anaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Ni vumbi na jua tu, tunasubiri mvua za Desemba. Nimefurahi mno kusikia Furaha, huko aliko Johannesburg, amewakatia tiketi ya meli ya kitalii ya kupandia Durban. Mtoto kukumbuka wazazi wake namna hiyo, Mungu amzidishie.

Umeniuliza uchukue sanduku lipi, lile jekundu kubwa au la kijani. Mimi nasema yote mawili yabaki juu ya kabati. Nenda na begi la mkononi peke yake, na mzee vilevile.

Kwanza ni hela. Nimezisoma tiketi ulizonitumia kwa WhatsApp. Ile ya Johannesburg kwenda Durban ni ya bei ya chini, na tiketi za aina hiyo huuzwa bila begi la kupakia. Sanduku unalilipia peke yake. Lako na la mzee, kwenda na kurudi, ni malipo ya mara nne, na ukingoja ulipie kaunta siku ya safari ni ghali kuliko ukilipa mapema mtandaoni. Hela hiyo si bora mkaitumie Durban, mkale samaki mkiangalia bahari?

Pili ni usumbufu. Ukifika Johannesburg kutoka nje ya nchi, sanduku lililopakiwa lazima ulichukue mwenyewe, upite nalo forodha, ndipo ulipeleke tena kwenye ndege ya ndani. Nilipokwenda na wifi yangu, sisi na mabegi yetu ya mgongoni tulipita moja kwa moja, tukawaacha wenzetu wamesimama kwenye mkanda wanasubiri. Kwa magoti ya mzee, hilo peke yake linatosha kukushawishi.

Sasa kilo. Mashirika mengi ya kwetu na ya huko kusini yanaruhusu kilo 7 mkononi, na begi lenyewe limo ndani ya hizo 7. Hapo ndipo watu wanaponaswa. Begi gumu la magurudumu likiwa tupu linaweza kufika kilo 3, yaani karibu nusu ya ruhusa yako imekwisha hujaweka hata leso. Njoo twende soko la Sabasaba hapa Dodoma tuchague begi la kitambaa la mtumba, la mgongoni, jepesi, lenye zipu nzima. Vipimo vyake soma kwenye tiketi, maana kila shirika lina vyake, na ukipima, pima pamoja na mpini na mifuko ya nje. Kilo tutazipima kwa mizani ya kuning'iniza, ninayo hapa nyumbani.

Kutoka Dodoma hadi Dar ningependa mpande treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya. Tangu ianze kufika hapa mwaka 2024 ni safari ya saa chache tu, mtalala Dar na asubuhi mtakwenda uwanjani mmepumzika. Mkipanda ndege za pangaboi, makabati ya juu ya viti ni madogo, na begi lililokubaliwa kwenye ndege kubwa linaweza kuchukuliwa mlangoni likawekwe chini.

Nguo. Najua unawaza, "wiki nzima melini, watu watanionaje?" Mama Furaha, melini kila mtu anaangalia bahari na sahani yake. Magauni mawili mepesi ya mchana, sketi moja, blauzi tatu zinazokubaliana na sketi hiyo, nguo ya kuogelea, na lile gauni lako la kitenge cha bluu la harusi ya mdogo wako. Meli nyingi zina jioni moja ya kuvaa rasmi, na kitenge kilichoshonwa vizuri kinakaa meza moja na suti yoyote. Viatu jozi mbili tu: raba utakazovaa ndegeni na kandambili. Sweta na koti la mzee msiyaweke kwenye begi, vaeni. Ndani ya ndege ni baridi, na nguo iliyo mwilini haipandi mzani.

Halafu khanga, doti moja. Hapo ndipo mwanamke wa kwetu anapomshinda kila msafiri. Ndegeni unajifunika, chumbani unajifunga ukitoka kuoga, ufukweni unaitandika, jua likikaza unajitanda, na ukifua usiku asubuhi imekauka. Taulo usibebe kabisa, za kuogea ziko chumbani na za bwawani wanatoa wenyewe.

Pasi iache. Najua hutoki nyumbani nguo ikiwa na mkunjo, lakini pasi na birika la umeme haviruhusiwi melini kwa hofu ya moto, wakiviona wakati wa ukaguzi wanavishikilia. Tundika gauni bafuni ukiwa unaoga maji ya moto, ule mvuke unalegeza mikunjo. Nguo za ndani fua kwenye sinki kwa sabuni ya kipande. Chukua na adapta, soketi za melini mara nyingi hazipokei plagi zetu za pini tatu bapa.

Vimiminika ndivyo vinavyoumiza kichwa. Kwenye begi la mkononi kila chupa isizidi mililita 100, na zote zikae kwenye kipochi kimoja kinachoonyesha ndani, cha lita 1. Wanaangalia ukubwa wa chupa. Losheni ya mililita 200 iliyobaki robo wanaitupa. Mafuta ya mgando yamo, dawa ya meno imo, manukato yamo. Sabuni ya kipande haimo, ndiyo maana naisisitiza. Tafuta kipochi cha plastiki ngumu chenye zipu, usihangaike na mifuko laini ya plastiki, si unajua ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Pawabenki ya simu lazima iwe mkononi, hairuhusiwi kwenye sanduku la kupakia kwa sababu betri zake zinaweza kushika moto. Hiyo ya Furaha ya mAh 20,000 ukiigeuza kwa kipimo cha nishati wanachotumia ndegeni ni kama Wh 74, iko chini ya kikomo cha Wh 100, haina shida.

Dawa zako za presha ziweke mfuko wa mbele, kwenye pakiti zake zenye jina, pamoja na cheti cha daktari, na ziongeze za siku kadhaa za ziada. Hospitali ndogo ipo melini lakini bei yake si ya kuizoea. Nunua na vidonge vya kichefuchefu cha bahari, maana nyie hamjawahi kulala juu ya mawimbi. Pasipoti na kitabu cha chanjo, mwilini.

Nimeacha makusudi jambo gumu kuliko yote, yaani zawadi. Nakujua. Utataka kumpelekea Furaha asali ya Manyoni, mafuta ya alizeti, karanga, unga wa uwele na mlenda mkavu. Mkono mtupu haulambwi, sawa, na mimi sisemi uende mikono mitupu. Lakini hesabu mwenyewe: lita tatu tu za asali zinapita kilo 4, na ukaguzi wa uwanjani unaihesabu asali kuwa kimiminika. Mafuta nayo ni hivyohivyo. Vyakula vya shambani navyo hukaguliwa mpakani, na Afrika Kusini asali haiingii bila kibali. Utaumia roho kuona jasho la mzinga wa mzee linaishia pipani. Na hata likipita, mwanao anakwenda kukaa nanyi melini ambako chakula kinapikwa kutwa kucha, hilo gunia ataliweka wapi?

Mnunulie doti ya khanga, uchague jina lake kwa moyo wako wote. Ni nyepesi, hakuna askari wa forodha atakayeigusa, na atajifunga huko Johannesburg akukumbuke. Asali mtunzie mpaka aje likizo.

Raha yote utaiona siku ya kupanda meli. Masanduku makubwa wanayachukua wapagazi bandarini na mara nyingine yanafika chumbani jioni. Wenye vitu vyao mgongoni wanabadili nguo mara tu chumba kinapokuwa tayari. Siku ya mwisho, masanduku yanawekwa nje ya mlango usiku ili yateremshwe, wenye mabegi ya mkononi wanashuka asubuhi na mapema kwa miguu yao. Kwenu mnaowahi ndege ya mchana, hiyo ni faida kubwa. Ila siku ya kwanza, wakiita mazoezi ya usalama msikilize vizuri mkajue kituo chenu cha kukusanyikia, hata kama mzee amechoka.

Njoo Ijumaa na basi la asubuhi, ushuke Nzuguni, nitatuma kijana akupokee. Jumamosi mapema twende Sabasaba kutafuta begi, mchana tumpeleke mzee mnadani Msalato akale nyama, jioni tufungashe na kupima. Kilichozidi kitabaki kwangu.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Mama Neema