Hiyo feni yako ya Boma

Chalii yangu Eliya, mambo vipi, watoto hawajambo?

Nimeziona picha za feni yako ya kuzalisha umeme kwa upepo hapo Boma, na huyo jamaa anayetaka kukuuzia mapanga mapya eti yanavuna asilimia 80 ya upepo, aisee mwambie akatafute mwingine. Kuna Mjerumani, Albert Betz, alishapiga hesabu hizo zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwisho kabisa ni asilimia 59.3 maana upepo ukiunyang'anya nguvu zote unasimama palepale nyuma ya panga na mwingine unakosa pa kupita. Hata zile tabaini 365 za Turkana kule Kenya, yaani feni kubwa za umeme wa upepo, hazivuki hapo.

Shida yako ni mnara. Mfupi, halafu mgravilea umeuzidi urefu, upepo ukishapita kwenye mti unafika umevurugika, feni inabaki kugeukageuka kutafuta uelekeo. Na ujue nguvu ya upepo ni spidi mara spidi mara spidi, yaani ukitoka mita 5 kwa sekunde ukafika 6 umeongeza zaidi ya asilimia 70, kwa mapanga yaleyale na jenereta ileile! Hela hiyo nunua bomba na waya za kuushikilia, kilele kiupite mti kwa mita 9 hivi, au hamishia kule shambani kweupe, ila volti 24 kwenye waya mrefu mwembamba umeme unaishia njiani, itabidi ununue mnene.

Mapanga marefu zaidi usifunge. Yanavuna zaidi kweli, lakini jenereta ni hiyohiyo, siku upepo ukichachamaa unaiunguza.

Halafu mkishusha mnara pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa panga, ule unaokata upepo. Najua vumbi la hapo, likigandana na wadudu panakwaruza kama msasa na panga haliutelezi tena upepo. Osha na sabuni, palipobanduka paka epoksi usugue mpaka pawe laini. Hiyo haikugharimu hata elfu hamsini.

Jumamosi nakuja na kamba, tafuta vijana wanne wenye nguvu. Usianze bila mimi, na usiguse kitu kabla hujawasha ile swichi ya breki, mapanga yale yakikupitia tutaokota vidole vyako kwenye mahindi.

Wako,
Juma, Njiro