Kishikwambi kiandaliwe kabla ya kipindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na walimu, wakuu wa shule na maofisa elimu wa Mtwara na Lindi kuhusu vishikwambi. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 Serikali iliwagawia walimu vifaa vilivyotumika kuhesabia watu, na zipo shule zilizoongezewa na wafadhili. Kila tunapokutana, malalamiko ni mawili: havitoshi, na mtandao ni wa shida. Yote ni kweli. Lakini hata hivyo vichache vilivyopo vinalala kabatini kwa sababu hakuna aliyeviandaa jana yake.

Shule nyingi zina hali hii: kishikwambi kimoja mkononi mwa mwalimu, watoto 80 mbele yake. Kukiinua juu ili darasa zima lione ni kupoteza kipindi, maana kioo cha inchi 8 au 10 kinasomeka na watoto sita hadi wanane waliokizunguka, basi. Kiwekwe meza ya pembeni kiwe kituo kimoja cha kazi, vikundi vipokezane, huku wengine wakiwa na kitabu, zana halisi au zoezi la ubaoni. Shule yenye projekta nayo isikimbilie kununua waya wa kuunganishia. Vishikwambi vingi vya bei nafuu havitoi picha kupitia tundu la chaji, hata kama ni la USB-C na waya unaingia vizuri. Nenda dukani na kifaa chenyewe, kijaribiwe pale pale, ndipo ulipe.

Mwalimu mwenye kifaa kimoja atafute programu inayoonesha kitu ambacho chaki haiwezi. GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo ya hisabati, ni ya bure, na ikishapakuliwa haili bando. Katika jiometri ya koodineti, andika y = m*x + c na programu yenyewe italeta vitelezo viwili (vitufe vya kusogeza kwa kidole), cha m, yaani mteremko wa mstari, na cha c, yaani mahali mstari unapokata mhimili wa y, vinavyokwenda kutoka -5 hadi 5. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Kidole kinateleza, mstari unacheza, watoto wanashangilia, na kengele inalia hakuna aliyeelewa mteremko ni nini. Weka m iwe 1 na c iwe 0. Kabla hujagusa kitu, waambie wachore kwenye daftari jinsi mstari utakavyokaa m ikiwa 3. Wape dakika mbili, ndipo usogeze. Wachore tena kwa m ya -1, usogeze. Mkifika kwenye c, aliyekosea atajiona mwenyewe alipokosea kwa sababu mchoro wake uko mbele yake. Mistari minne au mitano inatosha kwa dakika 40. Anayekimbilia kumi anajifurahisha yeye.

Kwa somo la umeme kuna PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kioo ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Unapakua faili la jaribio, kisha unalifungua kwa kivinjari bila mtandao. Likifunguka kama maandishi matupu, rudi nyuma ulifungue kwa Chrome. Hata hivyo, kama duka la jirani linauza betri za tochi, balbu na waya, watoto waanze na hivyo. Saketi ya kwenye kioo haina kutu wala waya uliolegea, na hivyo ndivyo vinavyozima balbu nyumbani kwao.

Shule yenye vishikwambi 10 ina nafasi nzuri zaidi, ila hesabu ifanywe mapema. Watoto wanne kwa kifaa kimoja ni 40, yaani nusu ya darasa. Nusu nyingine ifanye kazi ya daftari kwa dakika 14, kisha wabadilishane. Zinabaki dakika 12 za kugawa, kukusanya na kusahihisha, nazo zitatosha tu kama kila kifaa kina namba iliyoandikwa kwa rangi na kila kikundi kinajua namba yake. Ndani ya kikundi, anayeshika kifaa abadilike kila swali. Bila hivyo mtoto mwenye simu nyumbani atakishika mwanzo hadi mwisho na watatu watabaki watazamaji. Sauti nayo si jambo dogo: vifaa 10 vikizungumza pamoja, watoto wa darasa la pili wanaojifunza kusoma hawatasikia sauti ya herufi hata moja. Nunueni visikilizio vya masikioni na kigawanyio cha kuchomeka kadhaa kwenye tundu moja, au chagueni mazoezi yasiyohitaji sauti.

Kuhusu mtandao, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Mwalimu akienda mjini, Masasi au Lindi, avipakue anavyohitaji kwa muhula, vile vinavyoruhusu kupakuliwa, asisubiri kuvitafuta darasani. Kwa mazoezi yanayojisahihisha ipo Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa makusudi kwa maeneo yasiyo na intaneti. Inawekwa kwenye kompyuta moja ya shule, maudhui yanaletwa kwa flashi, kisha ruta (kifaa cha kurusha waifai) ya kawaida isiyo na bando inaviunganisha vishikwambi na kompyuta hiyo. Tatizo linalowakatisha tamaa wengi ni dogo: kishikwambi kikigundua kwamba waifai ile haina intaneti, kinahama chenyewe kwenda kwenye laini ya simu, na ukurasa unagoma. Kikiuliza kama ubaki umeunganishwa, jibu ndiyo, na uzime data ya laini kabla ya kipindi. Faida yake huku kwetu ni kubwa. Msimu wa korosho mahudhurio yanayumba, na Kolibri inamwonesha mwalimu zoezi ambalo kila mtoto aliishia, hivyo anayerudi baada ya wiki mbili anaendelezwa pale alipoachia.

Wapo wanaoutaja mkoa wa Tanga kama ushahidi kwamba vishikwambi vinaweza kumfundisha mtoto kusoma peke yake. Ni kweli kwamba Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, ilijaribu programu tano za Kiswahili huko, katika vijiji karibu 170, na Mei 2019 Kitkit School na onebillion zikagawana tuzo ya dola milioni 10. Programu hizo ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia, na walimu wa darasa la kwanza na la pili wazijaribu. Lakini kule kila mtoto alikuwa na kifaa chake, na kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa jua. Ukichukua programu ileile ukawapa watoto wanane kifaa kimoja, usitegemee matokeo yaleyale.

Halmashauri zetu zinazokusanya ushuru wa korosho nazo zinahusika hapa. Badala ya kuongeza vifaa, zitenge kwanza fedha za chaji. Betri ya mAh 7,000 (kipimo cha ukubwa wa betri kinachoandikwa juu yake) ni kama Wh 26, yaani wati-saa, kipimo cha umeme unaotumika. Vifaa 10 ni Wh 260, na ukiongeza upotevu ni karibu 350 kwa chaji moja kamili. Paneli ya wati 100 inaweza kutoa kiasi hicho kwa siku ya jua zuri, ikiwa inafutwa vumbi kila wiki wakati wa kiangazi. Chaji moja kwa moja kutoka volti 12 kwenda USB. Ukipitia inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, unapoteza umeme bure. Waya za chaji zinakufa kabla ya kifaa, kwa hiyo kila vishikwambi 10 viwe na waya 15. Visichajiwe ndani ya kabati la chuma lililofungwa chini ya bati, joto lile linavimbisha betri. Kifaa kilichovimba kisichajiwe tena wala kutobolewa. Likizo ya Desemba vizimwe vikiwa na nusu ya chaji, maana kilichoachwa kwenye sifuri huenda Januari kisiwake kabisa.

La mwisho ni akaunti. Mwalimu anahamishwa kutoka Liwale kwenda Newala, anaacha kishikwambi chenye akaunti yake ya Google. Anayekipokea hajui nywila, anafuta kila kilichomo kwa vitufe vya pembeni, na kifaa kikiwaka kinadai akaunti ileile ya mwanzo. Hapo kimekuwa kibao tu. Shule ifungue akaunti yake, nywila ikae kwenye jalada la mkuu wa shule, na mwalimu anayeondoka akae na mkuu wake waiondoe akaunti yake binafsi kwenye mipangilio, wakizime na kukiwasha tena kuhakikisha, ndipo waweke saini ya makabidhiano.

Mdau wa elimu,
Masasi, Mtwara