Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, ninawasilisha taarifa ya mwaka 2024 ya chama chetu cha wahandisi na wenye karakana ndogo tunaozungumza Kiswahili na kufanya kazi Marekani. Mambo ya ada na mahesabu yamo katika taarifa ya mhazini. Mimi nitashughulika na suala lililotawala vikao vyetu karibu vyote, nalo ni namna maofisa manunuzi wa jeshi wanavyoshirikiana na kampuni binafsi ili teknolojia mpya imfikie askari mapema, na mahali ushirikiano huo unapokatikia.

Mwanzo wa safari umerahisishwa sana, na ni haki tukiri hivyo. Mwaka 2015 Waziri wa Ulinzi Ash Carter alianzisha kitengo cha ubunifu kinachojulikana leo kama DIU, kikafungua ofisi Mountain View, California, jirani na kampuni ambazo hazikuwa na desturi ya kuliuzia jeshi chochote. Mwaka uliofuata kitengo hicho kilianza utaratibu ambao ofisa hueleza tatizo lake kwa maneno machache, kampuni ikajibu kwa andiko fupi, na lengo likawa kutia saini mkataba wa majaribio ndani ya siku 60 hadi 90. Ruhusa ya kufunga mikataba ya majaribio nje ya kanuni za kawaida za manunuzi ilikuwapo kisheria tangu miaka ya 1990, lakini ni mwaka 2015 ambapo Bunge liliifanya kuwa ya kudumu.

Katika semina zetu nimerudia mara nyingi habari ya kambi ya Al Udeid, Qatar, kwa sababu sijaona mfano unaofundisha zaidi. Mwaka 2016 wageni waliotembelea kambi hiyo waliwakuta wanajeshi wa anga wakipanga safari za ndege za kuongeza mafuta angani kwa kalamu na sumaku juu ya ubao mweupe. Waandishi wa programu walikaa na wapangaji hao, wakawaonyesha kazi ikiwa bado mbichi, wakasahihishwa, na kabla ya katikati ya mwaka 2017 programu ilikuwa inatumika. Mwaka huohuo mradi mkubwa wa kuboresha mifumo ya vituo vya kuongozea vita vya anga, uliokwishameza mamia ya mamilioni ya dola, ulifutwa. Kwa maoni yangu, tofauti haikuwa akili za wahandisi, kwani pande zote mbili zilikuwa nao hodari. Mradi mmoja ulimsikiliza mtumiaji kila siku, na mwingine ulifuata mahitaji yaliyoandikwa miaka mingi kabla.

Hata hivyo, sampuli ikishafaulu ndipo mtihani halisi unapoanza, katika kipindi ambacho wenyewe wa kazi hii hukiita bonde la mauti. Fedha za uzalishaji huombwa katika bajeti inayoandaliwa karibu miaka miwili kabla, na bajeti ikichelewa Bungeni, wizara huendeshwa kwa fedha za muda ambazo kwa kawaida haziruhusu mradi mpya kuanza. Mwaka wa fedha wa 2024 ulianza tarehe 1 Oktoba 2023, lakini bajeti kamili ya ulinzi ilipitishwa Machi 2024. Karakana yangu mwenyewe ilikuwa na kifuniko cha kukinga betri za redio dhidi ya mchanga, kikajaribiwa na askari, wakakipenda, na ofisa aliyetusimamia alitupigania kwa moyo wote; bado tuliambiwa tusubiri fedha, na katika kusubiri huko niliwapoteza mafundi wawili niliowafundisha kazi mimi mwenyewe. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Ndiyo maana kamati inaunga mkono ripoti ya Machi 2024 ya tume iliyoundwa na Bunge, iliyopendekeza mfumo wa kupanga fedha za ulinzi ubadilishwe na wasimamizi wa miradi wapewe nafasi zaidi ya kuhamisha fedha.

Tusisubiri mageuzi hayo mikono mitupu. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilikubali pingamizi dhidi ya mkataba wa uzalishaji wa huduma za kompyuta za jeshi, kwa sababu, pamoja na mengine, makubaliano ya majaribio hayakutaja kwamba uzalishaji ungeweza kufuata. Mwanachama anayetia saini bila kifungu hicho anaweza kufaulu majaribio yote kisha akalazimika kushindana upya kwa kazi aliyoibuni mwenyewe.

Tangu tarehe 16 Desemba 2024 kanuni za uthibitisho wa usalama wa mtandao, CMMC, zimeanza kutumika, na wanaotunza taarifa nyeti za wizara wanatakiwa kutimiza masharti 110. Kamati haipingi masharti hayo, kwa kuwa siri za askari si za kuchezewa, ila karakana ya watu sita haiwezi kumwajiri mtaalamu wake peke yake.

Kwa hiyo tunaomba ridhaa ya mkutano mkuu ili mwaka 2025 sehemu ya ada itumike kumlipa mtaalamu mmoja wa usalama wa mtandao na mwanasheria mmoja wa mikataba, watakaowahudumia wanachama wote kwa zamu, tukianza na wale ambao mikataba yao ya majaribio inakaribia kumalizika.

Mwenyekiti