Barua kwa mwanangu: Ukisema imeshuka, nitapima

Donholm, Nairobi

Mpendwa mwanangu Baraka,

Najua bado unasoma kwa kufuata kidole, kwa hivyo mara ya kwanza tutaisoma pamoja. Baadaye itoe ujisomee ukiona mama amezidi kukusumbua.

Nataka tuelewane jambo moja. Una kisukari, kwa hivyo ukiniambia sukari ya damu yako imeshuka, nitapima. Sitaanza kwa kukuuliza kama ni kweli.

Jumamosi ulimtupia dadako kijiko, ukapiga mayowe mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Shosho aliponiona nachukua mashine ya kupima sukari badala ya kukuchapa, alinong'ona kwamba siku hizi sukari imekuwa kisingizio. Huenda. Lakini mtoto ambaye sukari yake iko chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine anaweza kutetemeka, kutoka jasho, au kuwaka tu kwa hasira, maana ubongo umekosa chakula chake. Kwa macho, hasira hiyo na ile ya kuzimiwa katuni ni shilingi kwa ya pili. Mashine ikaonyesha 3.1. Nilikupa vijiko viwili vya glukosi kwenye maji, tukangoja dakika 15, tukapima tena. Ilipofika 5.4, ulikwenda kuokota kile kijiko bila kutumwa.

Kuna siku nyingine nilikuta 8.6, na hasira ilikuwa yako mwenyewe. Siku hiyo ulikosa katuni, kama ambavyo dadako angekosa. Kisukari hakikupi ruhusa ya kurusha vyombo.

Shosho anakupenda sana, ila hachoki kusema ni peremende zilizokuletea haya. Sizo. Chako ni kisukari cha aina ya kwanza: kinga ya mwili wako iligeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile inayoshusha sukari, ikaziharibu. Hukufanya chochote kukileta, na mimi sikukulisha chochote cha kukileta. Nitamwambia shosho mwenyewe. Hiyo si kazi yako.

Kitu kingine nimekigundua. Nikishatoboa kidole, huangalii mashine, unaangalia uso wangu. Ile siku ya maembe, kijiti cha kupimia kilipotoa 19.4, ulianza kulia kabla sijasema neno: "Sijakula kitu, mama!" Kumbe vidole vilikuwa na maji ya embe. Ulipovinawa kwa sabuni na kuvikausha, tukatoboa ubavuni mwa kidole kingine, ikawa 7.2. Hata mashine hudanganyika. Na hata kama ile 19.4 ingekuwa ya kweli, hiyo si alama ya mtihani. Inaniambia kipi kifuate: dawa, maji, au simu kwa daktari. Nikikunja uso, jua ninapiga hesabu.

Mezani ndiko tunakoshikana mashati. Insulini yako ya chakula tunaidunga kabla ya kula, na ikishaingia haitoki. Lazima chakula kiifuate, la sivyo sukari itashuka. Hilo ulilielewa upesi kuliko nilivyotaka! Unatafuna ugali matonge mawili, unasukuma sahani, halafu unanitazama kama mwenye nyumba anayengoja kodi. Sitakubembeleza saa nzima, na sitakutisha kwa hospitali. Ukiushindwa ugali, kuna uji au viazi vya kiasi kinacholingana nao, basi. Kuchagua paja, tumbo au mkono ni kwako, mradi usirudie palepale kila siku, maana panafanya uvimbe na dawa haiingii vizuri. Kuchagua kidole pia ni kwako. Kuacha kudungwa hakuko kwenye orodha.

Tukiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, tukitoka kliniki, uliniuliza watoto wa zamani walifanyaje kabla insulini haijapatikana. Matatu ilikuwa na muziki mkubwa, nikakujibu nusu. Jibu zima ni kwamba walinyimwa chakula ili waishi kidogo zaidi, kisha wakafa. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini. Mara ya kwanza haikumfaa vizuri. Wakaisafisha zaidi, wakamdunga tena baada ya siku kadhaa, na sukari ikashuka. Nakwambia kwa sababu uliuliza, na maswali yako ya sukari nitayajibu hata yakiwa mazito.

Sasa shule. Ukianza kutetemeka darasani, usingoje kengele ya mapumziko, na usiogope kwamba wenzako watacheka. Nyoosha mkono useme, "Mwalimu, sukari." Nimeshaongea naye. Glukosi iko mfuko wa pembeni wa begi, na nyingine iko kwenye droo yake. Kunywa kwanza, kisha ndipo anipigie simu. Ikiwa ulikuwa umechoka tu na hesabu, tutajua tukipima, na sitakugombeza kwa kusema.

Ni mimi,
Mama