Kipepeo haumi, wa kuchunga ni kiwavi

Mhariri,

Watoto wengi hufundishwa kumpiga kipepeo anapotua mwilini, eti atawauma. Hawezi. Hana taya za kung'atia wala mwiba wa kuchomea. Mdomo wake ni mrija laini unaojiviringa chini ya kichwa, nao ni wa kunyonya tu: nekta, maji ya matunda yaliyooza, chumvichumvi za topeni. Akikugusagusa nao mkononi, anafuata chumvi ya jasho lako. Utasikia kutekenywa, basi. Unga unaobaki vidoleni ni magamba ya mabawa yake. Nawa mikono kabla ya kugusa macho, yatakuwasha. Wapo vipepeo wenye sumu mwilini, kama monaki, lakini humdhuru ndege anayewala, si mtu anayewashika. Hata nondo wa jamii ya Calyptra wa Asia, ambao madume yao huweza kutoboa ngozi na kufyonza damu, si vipepeo.

Hofu hiyo tuielekeze kwa viwavi wenye nywele au miiba, ambao wengi wao hugeuka nondo. Nywele zao hukatikia kwenye ngozi, na baadhi zina sumu ndani. Kiwavi aliyekufa bado huwasha, hata kifukofuko chake kitupu. Viwavi wa Lonomia, jamii ya nondo wa huko Amerika Kusini, wana sumu inayovuruga kuganda kwa damu, nayo imeua watu. Taasisi ya utafiti ya Butantan ya São Paulo, Brazili, hutengeneza dawa ya kuipinga.

Ukiguswa na kiwavi, usijikune wala usijifute kwa taulo, maana hapo ndipo nywele huzama na kusambaa. Mwondoe kwa kijiti. Bandika selotepu palipoguswa, ivute juu, kisha rudia kwa kipande kipya kila mara mpaka nywele ziishe. Ndipo uoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, halafu uweke barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 10 hivi. Dawa ya mzio hupunguza mwasho. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake kwa maji ya moto.

Nywele zikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi bila kulisugua, uende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu nywele hizo huweza kupenya ndani ya jicho na kuendelea kusogea. Anayevimba midomo, anayehema kwa shida au anayetokwa damu asingoje hata saa moja.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa baiolojia