Tiba ya jeni ya Parkinson: tuulize dawa imefika wapi

Mhariri,

Habari za "sindano moja inayoponya Parkinson" zimeenea, na nyingi zinaruka swali la msingi: dawa imetanda kiasi gani ndani ya ubongo?

Si sindano ya mkononi. Virusi visivyoleta ugonjwa, mara nyingi AAV2, hubebeshwa jeni, kisha fuvu hutobolewa na mrija mwembamba hushushwa hadi putameni, sehemu ya ndani ya ubongo inayokaukiwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Majimaji husukumwa polepole mno. Yakiharakishwa hurudi juu yakifuata ubavu wa mrija na kumwagikia pasipohusika. Ndiyo maana ncha ya mrija huchongwa kwa ngazi, na dawa huchanganywa na gadolini ili ionekane kwenye MRI inavyosambaa.

Jaribio la CERE-120, lenye jeni ya nyuroturini, protini inayolinda neva, lilihusisha wagonjwa 58. Matokeo yalitoka 2010: baada ya miezi 12, waliotiwa dawa hawakuwazidi waliofanyiwa upasuaji wa bandia, usio na dawa. Ubongo wa waliofariki baadaye ulipochunguzwa, protini ilikutwa katika sehemu ndogo tu ya putameni. Neva zilizokwisha kuchakaa hazikuweza kuisafirisha vya kutosha.

Watafiti waliofuata, waliotumia jeni ya AADC, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza dopamini, waliongeza ujazo, hadi mikrolita 900 kila upande. Katika wagonjwa 15 walioripotiwa 2019, makundi matatu ya dozi yalifunikwa asilimia 21, 34 na 42 ya putameni, na kadiri eneo lilivyopanuka ndivyo dozi za vidonge vya levodopa, dawa ya kawaida ya Parkinson, zilivyopungua. Inatia moyo, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, na Parkinson ni ugonjwa ambao matumaini peke yake humpa mgonjwa nafuu ya miezi kadhaa.

Kuna dawa ya jeni hiyohiyo iliyoidhinishwa Ulaya 2022 na Marekani 2024. Hiyo ni ya wanaozaliwa na upungufu wa AADC. Haikuidhinishwa kwa Parkinson, na wanaoichanganya wanawapotosha watu.

Tena AADC ni kimeng'enya kinachogeuza levodopa kuwa dopamini. Bila levodopa hakina cha kugeuza, kwa hiyo hata aliyetiwa jeni hii huendelea kumeza vidonge. Anayeviacha ghafla kwa kungoja "sindano" anaweza kukakamaa mwili mzima na kupandwa na homa kali, hali inayohitaji hospitali siku hiyohiyo.

Wasomaji wenu, Dar es Salaam