YAH: MALALAMIKO KUHUSU KITAKO CHA BUNDUKI YA SHABAHA KISICHOSHIKA KIPIMO

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya walenga shabaha hapa jijini. Mwanzoni mwa mwaka huu tulinunua dukani kwenu kitako cha kurekebishika, yaani ile sehemu ya nyuma inayokaa begani na shavuni, kwa ajili ya bunduki ya klabu, kaliba .308, tunayoitumia kwa shabaha za masafa marefu, mita 600 hadi 900. Bunduki ina leseni na inatunzwa kama sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inavyotaka, kwa hiyo upande huo hakuna la kujadili. Tuliwalipa zaidi ya shilingi milioni mbili, fedha ya michango ya wanachama ambao ni walimu, fundi umeme, mama mwenye duka la vipuri Kariakoo na mzee mmoja mstaafu wa bandari. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatanisha.

Lalamiko letu ni kwamba egemeo la shavu halikai pale linapofungwa. Linashuka kila bunduki inapopiga teke.

Mlipotujibu kwa simu mara ya kwanza mlisema huenda hatukukaza vizuri. Tulikaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye karatasi yenu ya maelekezo. Kisha, ili pasiwe na ubishi, tulibandika tepu ya karatasi kwenye nguzo inayobeba egemeo na kuchora mstari wa kalamu pale nguzo inapoingia ndani ya kitako. Mlengaji akalala, akapiga mfululizo wa risasi kumi kwa mwendo wake wa kawaida. Mstari ulizama kidogo kidogo, na alipomaliza egemeo lilikuwa limeshuka milimita nne. Picha za kabla na baada mnazo kwenye WhatsApp yenu, na rula inaonekana kwenye picha zote mbili.

Kijana wenu wa huduma kwa wateja alitujibu: "Kaka, hiyo ndiyo maana ya kurekebishika, ikishuka unaipandisha tu." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Mnauza kifaa ambacho inaonekana hamjui mteja anakinunua kwa kazi gani.

Kitako cha kurekebishika hakitengenezwi ili mtu akirekebishe katikati ya mashindano. Kinatengenezwa ili kilinganishwe na mwili wa mlengaji mara moja, kikazwe, kisha kisisogee hata unywele. Egemeo la shavu lina kazi ya kuliweka jicho katikati kabisa ya darubini kila mara kichwa kinaporudi kwenye bunduki. Jicho likishuka, kivuli cheusi kinaingia ukingoni mwa picha kama mwezi mwandamo, na isitoshe msalaba wa darubini unaonekana kuhama juu ya shabaha ilhali bunduki haijasogea. Hapo mlengaji anainua kichwa kutafuta picha safi. Shingo inakaza, shavu halikandamizi tena kwa uzito uleule, na bunduki inaruka tofauti na ilivyoruka kwa risasi iliyotangulia. Kwenye mita 100 mtu anaweza asione kitu. Kwenye mita 900, dakika moja tu ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja, ni sentimita 26 hivi, kwa hiyo kosa dogo la shavu linaandikwa wazi kwenye karatasi ya shabaha. Mashimo yetu yalikuwa yanatawanyika kwenda juu na chini, na kwa wiki kadhaa tulilaumu baruti, tukalaumu upepo wa bahari, tukamlaumu hata binti wa watu aliyekuwa akilenga.

Huyo binti ndiye mlengaji wetu bora kwa sasa. Ni mfupi, mikono yake mifupi, na uso wake ni mwembamba. Kitako cha kawaida cha mbao kimepimwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani. Kwake bamba la bega liko mbali mno, na shavu linaelea hewani. Mzee wetu mstaafu naye ni mrefu, mabega mapana, na macho yake hayaoni tena vizuri kwenye tundu la kulengea la chuma. Daraja F la mashindano ya masafa marefu, ambalo lilianzishwa Kanada na George Farquharson na likapewa herufi ya jina lake, lilibuniwa hasa kwa ajili ya watu kama yeye. Mlengaji ambaye macho au mikono imeanza kuchoka anaruhusiwa darubini na mhimili wa kuegeshea bunduki, ili asilazimike kuacha mchezo. Watu wawili hawa watumie bunduki moja, kila mmoja kwa kipimo chake: hiyo ndiyo sababu pekee iliyotufanya tuchangishane. Tusingehitaji hivyo, kitako cha zamani kingetutosha.

Tulikifungua tukaona kilichomo. Tangazo lenu, ambalo pia nimeliambatanisha, linasema nguzo na vibanio vyote ni vya alumini. Nguzo ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Skrubu ya kubania imeingia moja kwa moja kwenye plastiki, hakuna bushi ya chuma ndani, na hesi zake zimeshakufa. Ukikaza kidogo inashika, ukiongeza inazunguka bure. Fundi wetu alichomoa ile skrubu mbele yetu na vumbi jeupe la plastiki likamwagika kiganjani mwake. Kitu cha namna hii, tena kwa bunduki yenye teke la .308, hakiwezi kudumu, na aliyekitengeneza lazima alilijua hilo.

Kuna jambo la pili, dogo kuliko hilo ila linatusumbua. Kila mfululizo unapoisha tunatoa boliti, kile chuma kinachovutwa nyuma kufungua chumba cha risasi, ili msimamizi wa uwanja aone bunduki iko tupu. Egemeo likiwa kwenye kipimo cha binti, boliti haipiti. Lazima lishushwe kwanza. Vitako vingi vya aina hii vina mistari ya namba au kizuizi cha kukurudisha kwenye kipimo chako. Picha iliyo kwenye tangazo lenu inaionyesha hiyo mistari waziwazi. Kitako tulichopewa hakina hata mmoja.

Mlituambia mnaweza kutubadilishia kwa kitako kingine cha chuma kitupu iwapo tutaongeza fedha. Tulikuja dukani, tukakipima. Kikiunganishwa na mtutu wetu, darubini na mhimili wake, bunduki inazidi kilo 8.25, ambao ndio ukomo wa tawi la Daraja F tunaloshindania, lile la .308 na .223. Kwa hiyo mnatutaka tulipe zaidi ili tupate bunduki isiyoruhusiwa kuingia mashindanoni. Muuzaji hakujua kama kuna ukomo wa uzito. Kutojua si dhambi, lakini anayeandika "kwa mashindano" kwenye tangazo ana wajibu wa kujua mashindano yanataka nini.

Mwisho mkatuonyesha maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Ndugu Meneja, maneno hayo yanaweza kumhusu mteja aliyebadili mawazo. Hayamhusu mteja aliyeuziwa plastiki akiambiwa ni alumini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa, na risiti yoyote haiwezi kuifuta sheria hiyo.

Tunachodai ni kurudishiwa fedha yetu yote, au kupewa kitako cha uzito uleule chenye nguzo za chuma, bushi za chuma na alama za vipimo kama kilivyo kwenye picha yenu. Chochote kati ya hivyo tutakipokea. Hatutapokea hati ya kununulia bidhaa nyingine dukani, na hatutaongeza hata senti. Kitako kipo, kiko kwenye boksi lake pamoja na skrubu zake zote, na fundi wenu anakaribishwa kuja kukikagua mbele yetu siku yoyote ya kazi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Tusipolipata, tutapeleka lalamiko Tume ya Ushindani pamoja na picha, tangazo na risiti. Naomba pia mliondoe tangazo hilo kuanzia sasa, maana bado liko ukurasani kwenu na neno "alumini" bado limo, na kuna klabu nyingine ya hapa mjini ambayo nayo inachangishana.

Wako katika ujenzi wa michezo,

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wa klabu.

Viambatanisho: nakala ya risiti, nakala ya tangazo, picha.